Bao la Kabla ya Mapumziko

Nikiulizwa jinsi wageni kutoka Mbulu walivyotufunga bao lile kabla ya mapumziko, naweza kulieleza kuanzia mikononi mwa kipa wao hadi kwenye wavu wetu bila kuruka pasi hata moja. Video yake ninayo kwenye simu. Uso huanza kuniwaka kabla mpira haujavuka katikati ya kiwanja, na bado natazama mpaka mwisho, halafu naizima simu na kukaa nayo mkononi.

Mimi ni mstaafu wa idara ya afya. Nililetwa Katesh kutoka Tabora nikiwa kijana mwembamba mwenye vyeti vipya, nikapewa kazi ya kukagua vyoo, mabucha na migahawa. Nikaoa hapahapa, nikajenga hapahapa, na watu wa mji huu wananiita Bwana Afya mpaka leo ingawa kiti changu ofisini anakalia mtu mwingine. Kazi ile ilinipa sauti ya kuamuru, na sauti hiyo haikustaafu pamoja nami. Wenye migahawa walikuwa wakiniona kwa mbali wanaanza kufunika masufuria. Nilizoea kuogopwa kidogo, na nisiwe mnafiki, nilipenda.

Najifanya mjuzi wa mambo mawili. La kwanza ni mpira. Kuna kijiwe chetu nje ya kinyozi karibu na stendi, na pale mimi ndiye mchambuzi. Mechi ikichezwa, iwe ya Dar es Salaam au ya Ulaya au ya chuo chetu hapa mjini, watu hawakubali kwamba imekwisha mpaka nimeeleza nani alilala na nani alitakiwa kutoka. La pili ni salamu. Watu wa huku hawahitaji mgeni wa kuwafundisha adabu. Kijana akikutana na mtu mzima njiani atamwamkia hata kama hamjui. Lakini mimi niliongeza sharti langu. Sitaki shikamoo ya kutembea. Kijana akinipita huku anairusha salamu nyuma ya bega kama ganda la muwa, namwita arudi. Miguu isimame kwanza, ndipo mdomo ufunguke. Nimewarudisha wengi, mbele za watu, na niliamini kwamba wazazi wao wananishukuru.

Chuo chetu kina kiwanja chake upande wa mlimani. Tangu matope yalipoteremka kutoka Mlima Hanang na kufukia njia ya zamani ya kwenda sokoni, watu wanapita kwenye kona ya kiwanja. Njia imeshajichonga yenyewe, inakata ndani ya mstari kidogo, inazunguka nyuma ya goli na kutokea kwenye maduka. Siku ya mechi unapita tu, mradi mpira uko mbali. Waamuzi wenyewe wamezoea. Nimewahi kuona mama mwenye ndoo kichwani akipita hapo, na mshika kibendera akimpisha.

Jumamosi ile vijana wetu walikuwa wanacheza na chuo kutoka Mbulu. Haikuwa mechi ya kombe, lakini ilikuwa na uzito wake, kwa sababu baada ya hapo kila mwalimu wa timu angetoa majina ya wachezaji wake wa kwenda kwenye kikosi cha mkoa, na kikosi hicho kingekwenda kwenye michezo ya vyuo vyote. Huko ndiko timu za majeshi zinakopeleka watu wao kutazama. Kijana akiwaridhisha, anachukuliwa, anapata timu na ajira kwa pamoja. Na hapa mjini ilijulikana kwamba tuna kijana mmoja wa kupeleka, beki wetu wa kushoto, namba tatu.

Kijana huyo alikuwa mwaka wa mwisho. Mama yake anauza vitunguu saumu sokoni. Nyumba yao ya Jorodom iliondoka na matope, na tangu hapo walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya maduka, yeye na mama yake. Hakuwa msemaji. Uwanjani alikuwa na tabia niliyoipenda, hakurupuki. Anamwacha winga aonyeshe anakotaka kwenda, ndipo anampokonya. Mwenyewe niliwahi kusema kijiweni kwamba mji huu haujatoa beki wa namba yake, na mama yake, mtu akimtania sokoni kuhusu jeshi, alikuwa anacheka huku anafunika mdomo.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kigumu, hakuna aliyepata kitu. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kushoto, karibu na lango letu, na mwavuli wangu kwa ajili ya jua. Zilipokaribia dakika za mwisho tulipata kona kule mbali. Nikajiambia kwamba mapumziko yako karibu na mama wa chai na maandazi upande wa pili atazingirwa na wanafunzi sasa hivi, na bora niwatangulie. Mpira ulikuwa mwisho wa dunia. Nikaanza kukata ile kona ya kiwanja, macho chini, maana njia ile ina mawe yaliyoletwa na matope na magoti yangu si ya kuaminiwa.

Nikasikia hatua za mtu anayekimbia, zikakoma. Nikasikia "Shikamoo, mzee." Nikaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kama ninavyoitikia siku zote, nikaendelea na safari yangu ya chai. Kelele ziliponifanya nigeuke nilimwona kipa wetu amelala chini, mpira uko ndani, na vijana wa Mbulu wamerundikana juu ya mwenzao.

Hivyo ndivyo nilivyoliona bao lile, yaani sikuliona. Lakini mchambuzi haruhusiwi kusema hakuona. Nilipofika kwenye chai nikauliza imekuwaje, wakaniambia namba tatu alisimama, winga akampita hivihivi. Alisimama kwa nini? Hakuna aliyejua. Wengi walikuwa wanaufuata mpira kwa macho, na wao pia hawakuona zaidi ya mtu aliyekuwa anakimbia na mara hakimbii. Mwalimu wa timu alimtoa wakati wa mapumziko. Niliambiwa baadaye kwamba alipomwuliza, kijana alijibu tu kwamba alipoteza umakini. Kipindi cha pili hakikubadilisha kitu na wageni wakaondoka na bao lao moja.

Jioni ile kijiweni nilikuwa katika ubora wangu. Nilisema beki anayesimama mpira unapokuja siyo beki, ni nguzo ya umeme. Watu wakacheka, na nikicheka na watu huwa sijui kuacha. Nikasema huenda alikuwa anatafuta mshahara wa jeshi ulikoanguka. Nikasimama mbele ya kiti cha kinyozi nikamwigiza, nimejibana, macho pembeni, mpaka mtu aliyekuwa ananyolewa akatikisika kwa kicheko, ikabidi kinyozi amshike kichwa asije akakatwa. Na haikutosha. Nilipofika nyumbani nikampigia mwalimu wa timu. Ni mkufunzi wa hesabu, kijana kutoka Musoma aliyepangiwa kazi huku, mtu wa heshima sana. Nikamwambia nampa ushauri wa mtu mzima, yule namba tatu asimpeleke mkoani, atatuaibisha. Akasema, "Nimekusikia, mzee wangu." Akanikaribisha bwaloni kesho yake, watalichambua bao kwenye video. Nilifurahi kualikwa.

Jumapili, wenzetu walipotoka kanisani, mimi nikiwa nimeshaswali Adhuhuri, nilikwenda. Walikuwa wametundika mablanketi madirishani ili picha ya video ionekane ukutani, na bwalo lilikuwa linanuka maharage ya mchana. Wachezaji walikaa kwenye mabenchi. Mimi nililetewa kiti chenye mikono, nikawekwa mbele kabisa, na soda. Kila kijana aliyeingia alisimama mbele ya kiti changu, akaniamkia, ndipo akaenda kukaa. Nilikuwa nimevaa koti. Namba tatu aliniamkia kama wenzake, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango.

Video ilikuwa imechukuliwa na mwanafunzi aliyesimama juu ya meza, kwa simu. Inatikisika, lakini inaona kiwanja kizima. Mwalimu alikuwa na fimbo, akawa anagonga ukutani kama yuko darasani, na nikiri kwamba anajua kusoma mchezo. Alianza na kona yetu. Akasimamisha picha, akatuonyesha jinsi vijana wetu walivyokwenda wote mbele kwa tamaa, hata wale wafupi ambao kwenye kona hawana kazi. Kipa wa Mbulu akaudaka mpira juu ya vichwa vyao. Akasimamisha tena. Akauliza kiungo wetu mkabaji yuko wapi, na kiungo mwenyewe akajibu kwa aibu kwamba alikuwa anamlalamikia mwamuzi. Watu wakacheka. Kipa wao akaurusha kwa mkono, haraka, kwa namba nane wao, naye akageuka bila mtu wa kumgusa.

"Huyu hapa ameshainua kichwa," mwalimu akasema, "na sisi bado tunarudi tukitembea."

Namba nane akapiga pasi ndefu upande wetu wa kushoto, nyuma ya beki. Pasi nzuri, ila imezidi kidogo. Mwalimu alionyesha kwa fimbo kwamba namba tatu alikuwa ameisoma mapema. Alikuwa ameshageuka na anakimbia kurudi, na yuko mbele ya winga. Kisha video ikaenda mbio, winga akawa na mpira kwenye mstari, krosi, na mshambuliaji wao mrefu, kijana wa Endagikot kule Mbulu, akausukuma ndani kwa goti. Mwalimu alikuwa ameshafika kwenye kipa wetu na kosa la kutotoka langoni.

Nikasema, "Mwalimu, umeruka."

Akasema hapo namba tatu alipoteza umakini kidogo, mwenyewe amekubali, na wameshazungumza. Nikamwambia kuzungumza siyo kuchambua. Mtu yuko mbele ya winga, anaufikia mpira yeye kwanza, halafu winga anautoa wapi? Hapo ndipo bao lilipo, hayo mengine ni mapambo. Nikamwambia arudishe nyuma. Mwalimu akasema, "Mzee wangu, tumeshapita hapo, muda nao unatubana." Alikuwa ananitazama kwa namna fulani ambayo sikuielewa. Nikageuka kwenye mabenchi kuwauliza vijana kama nasema uongo. Wote walikuwa wanatazama chini. Nikadhani wanamwonea huruma mwenzao, na huruma ya namna hiyo ndiyo inayoharibu timu, nikasema hivyo kwa sauti. Nikamwambia mwalimu arudishe, na akifika pale asimamishe, tumwone bwana huyu alikuwa anatazama nini.

Mwalimu akarudisha. Nadhani hakuwa na la kufanya. Mimi ni mzee, na nilikuwa nimekalia kiti cha mbele.

Kwenye ukuta namba tatu anakimbia kuelekea kona. Mpira unadunda mbele yake. Kutoka pembeni ya picha anaingia mtu mwenye mwavuli, mwendo wa taratibu, anatazama miguu yake. Wanakutana uso kwa uso kwenye ile njia. Miguu ya kijana inasimama. Inasimama kabisa, pamoja, visigino vimegusana. Anainamisha kichwa. Mtu mwenye mwavuli anainua mkono kidogo, mkono wa kivivu, hata hamtazami, na anapita katikati ya kijana na mpira. Winga wa Mbulu anapita upande wa pili.

Mwalimu alisimamisha hapo kama nilivyoagiza. Mkono wangu ulibaki umeinuliwa ukutani, mkubwa kuliko dirisha.

Hakuna aliyecheka. Ningewashukuru kama wangecheka. Walikuwa wameshaiona video ile, wote, labda mara nyingi, na tangu nilipoingia na koti langu walikuwa wakinificha nisijione. Ndiyo maana mwalimu aliruka. Vijana wa umri wa wajukuu zangu walikubaliana kunisitiri, na mimi nikawalazimisha wanivue. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Soda ilikuwa mkononi na sikuweza kuinywa wala kuiweka chini.

Nikajikaza nikasimama. Nikasema kwamba kijana hakupoteza umakini, aliniamkia mimi, na kosa ni la aliyepita kiwanjani. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mwalimu akamtazama kijana kule nyuma na kumwuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

Kijana alisimama naye. Alisema, "Hapana, mwalimu. Mzee hahusiki. Nilipoteza umakini tu."

Aliyasema hayo huku picha yake iko palepale ukutani, ameinama mbele yangu. Kila mtu bwaloni aliiona, na yeye aliiona, na bado alisema. Mwalimu akazima mashine. Vijana wakaanza kushusha mablanketi, polepole, kwa heshima, wakijitahidi wasipite karibu na kiti changu.

Nilibaki nyuma kuzungumza na mwalimu. Nikamwambia naondoa maneno yangu ya kwenye simu, kijana huyu apelekwe, ni beki mzuri, kwani yeye mwenyewe hakuona alivyoisoma ile pasi? Alikuwa anakunja nyaya. Aliniitikia vizuri, kwa upole uleule, lakini nikaona kwamba ameshaamua.

"Mzee wangu, sikumwacha kwa sababu ya simu yako," alisema. "Kule mkoani kiwanja kimezungukwa na wakubwa. Nataka beki ambaye mpira ukija hamwoni mtu."

Nikasema mtoto anaweza kufundishwa hilo kwa siku moja. Akaniuliza, bila dharau, kama mimi nadhani linafundishika kwa siku moja. Alinisindikiza mpaka getini, akaniaga kwa shikamoo nyingine, amesimama wima.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari zote; mji wenyewe ni mdogo. Nilimwambia nashindwa kuelewa, kijana anayeukimbilia mpira angepita tu, nani angemlaumu. Mke wangu ni wa huku, alizaliwa Dongobesh, na ananijua. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha. Aliniuliza kama ni kweli ningemwacha apite, nikataka kusema ndiyo, na nikaona aibu hata ya kulisema hilo mbele yake.

Majina yalitolewa siku chache baadaye. Alikwenda kipa, na yule kiungo aliyekuwa anamlalamikia mwamuzi. Kijiweni walilijadili jambo hilo mbele yangu kwa uangalifu mkubwa, kama watu wanaobeba yai. Walisema bahati mbaya, walisema mpira ndivyo ulivyo. Hakuna aliyetaja mwavuli. Walinipa nafasi yangu ya kuchambua kama kawaida nikasema kichwa kinaniuma, nikaondoka.

Nilikwenda kumtafuta kijana nyuma ya maduka. Nilimkuta kwenye karo anaosha viatu vyake vya mpira, ameviloweka kwenye beseni. Akanyanyuka mara moja, mikono inachuruzika maji, akaniamkia. Nikamwambia akae. Hakukaa mpaka nami nilipoketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamwomba samahani. Si kazi niliyoizoea, na niliifanya vibaya, kwa maneno mengi. Nikamweleza kwamba heshima ina mahali pake, kwamba mtu akiwa kazini anaruhusiwa kupita, kwamba hata mimi nisingekasirika. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nikamwuliza kwa nini bwaloni hakusema ukweli, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimeshausema. Alikizungusha kiatu ndani ya maji.

"Mzee, ungekuwa unanigombeza mimi tu, ningepita," alisema. "Lakini kuna siku nilikupita hapo stendi nakimbilia mazoezi, nikakuamkia nikiwa nakimbia. Ukamfuata mama sokoni. Ukamsimamisha mbele ya wateja wake, ukamwuliza kama nyumbani kwake kuna mtu mzima wa kulea. Alilia mpaka jioni. Akaniambia nikikuona, popote pale, nisimame kwanza, usije ukarudi kwake tena. Na bwaloni niliogopa hilohilo."

Aliyasema kwa adabu, bila kuninyooshea kidole. Nadhani alifikiri nakumbuka. Nami nilikuwa natafuta kichwani na sipati kitu. Stendi naijua, soko nalijua, sauti yangu naijua, na maneno yale ni yangu, ningeyatambua popote. Ila siku yenyewe haikuwepo. Nilikuwa nimewafuata wazazi wengi sokoni, na yule mama alikuwa mmoja wao, na nilipomaliza nilikwenda zangu kunywa chai. Kumbe kijana hakuwa ananiheshimu mimi pale kwenye kona. Alikuwa anamkinga mama yake, na mpira aliuacha kwa ajili hiyo, na jeshi pia.

Nilimwuliza kama mama yupo. Akasema yuko sokoni, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umebadilika. Akauliza, "Kuna tatizo, mzee?" Nikamwambia hakuna tatizo lolote. Sina hakika kama aliniamini.

Nilikwenda moja kwa moja kabla ujasiri haujaniishia. Njiani nilipanga maneno. Nisingemwita pembeni, kwa sababu nilipomdhalilisha sikumwita pembeni. Ningesema palepale, mbele ya wauzaji wenzake, kwamba mimi Bwana Afya nilimkosea, kwamba amelea mtoto vizuri kuliko nilivyolea mimi wa kwangu, na kwamba naomba radhi. Niliyarudia maneno hayo mpaka nikawa nayatamka kwa midomo, na mwenye duka moja akaniuliza kama nasema naye.

Ilikuwa siku ya gulio na soko lilikuwa limejaa. Nilimwona kwa mbali, mama mdogo wa umbo, amefunga kitenge juu ya sweta, amekaa nyuma ya vitunguu vyake alivyovipanga mafungu mafungu juu ya turubai. Alikuwa na mteja, mwanamke mwenye haraka aliyekuwa anawahi basi la Singida, ameshafungua mfuko wake na anaonyesha fungu analotaka. Mama alikuwa ameshalishika fungu lile kwa mikono miwili.

Ndipo akaniona. Akalirudisha fungu chini na kusimama. Alisimama wima, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaikutanisha mbele yake.

"Shikamoo, Bwana Afya."

Mteja alisubiri kidogo, akatutazama, akaangalia upande wa stendi, kisha akafunga mfuko wake na kuhamia turubai la pili. Mama hakumgeukia. Wauzaji wa karibu waligeuka kututazama. Nilifungua mdomo niseme yale niliyoyapanga, na kilichotoka ni marahaba, kwa sauti ileile, kavu, ya miaka yote. Baada ya hapo sikupata neno jingine. Yeye akaendelea kusimama na macho yake chini, akisubiri nimwambie mwanawe amefanya nini tena.